Wanakumbuka Fimbo, Wamemsahau Mkaguzi

Kila Januari, matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa, mjadala ule ule hufufuka vijiweni, ndani ya daladala na kwenye makundi ya WhatsApp ya waliosoma pamoja: watoto wanafeli kwa sababu walimu wamenyang'anywa fimbo. Waliosoma enzi za Mwalimu Nyerere ndio husema kwa sauti kubwa zaidi, na methali haikosekani: mchelea mwana kulia hulia yeye. Vijana hujibu kwa haki za mtoto. Wanapelekana hivyo mpaka mtu mmoja atume picha ya harusi na mada inafia hapo.

Hoja ya wazee ina kasoro mwanzoni kabisa. Tanzania Bara fimbo haijawahi kuondolewa shuleni, hata kwa siku moja. Kilichobadilika ni masharti yake. Kanuni za mwaka 1979, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, ziliruhusu hadi viboko sita. Kanuni za mwaka 2002, Tangazo la Serikali namba 294, zikashusha hadi vinne kwa mara moja. Kanuni hizo ni fupi na kila mwalimu angepaswa kuzijua kwa moyo. Adhabu ya viboko ni kwa kosa kubwa la utovu wa nidhamu au kosa zito linalochafua jina la shule. Anayechapa ni mkuu wa shule mwenyewe, au mwalimu aliyepewa idhini na mkuu kwa maandishi. Msichana anachapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule iwe haina mwalimu wa kike. Fimbo iwe nyepesi na inayopinda, ipigwe kiganjani au makalioni juu ya nguo, na uzito wa kosa, umri, jinsia na afya ya mtoto vizingatiwe. Kisha tukio liandikwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa, na mkuu wa shule atie saini.

Sasa zipitie tena ukiwa na shule unayoijua kichwani. Mwalimu wa zamu amesimama getini na fimbo ya mpera, anachapa kila anayepita baada ya kengele. Mwalimu wa hisabati ametoa jaribio la maswali kumi, kila swali lililokosewa kiboko kimoja. Sekondari, mwalimu wa somo ameweka alama ya kufikia, na aliyepungukiwa analipa tofauti kwa viboko. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoingia ndani ya kanuni. Kukosa jibu si utovu wa nidhamu. Aliyekosa maswali sita ameshavuka kikomo kwa viboko viwili, na mchapaji mara nyingi hana karatasi ya idhini. Kitabu cha adhabu, kama kipo, kimelala kabatini kikiwa na kurasa mbili tatu zilizoandikwa.

Viboko vya majibu ndivyo vinavyoharibu ufundishaji kuliko vingine vyote, na sababu yake ni ya kitaalamu kabisa, hata ukiweka huruma pembeni. Kosa la mwanafunzi ni taarifa. Mtoto akiandika 42 − 17 = 35, mwalimu anajua papo hapo kwamba anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu, na kesho ataanzia hapo. Kosa likiwa na bei ya kiboko, mtoto anajifunza kulificha. Ananakili kwa jirani. Dalili yake ni rahisi kuiona: daftari tatu za dawati moja zina kosa lile lile kwenye mstari ule ule, hata ufutaji umefanana. Mwalimu anaona tiki nyingi, anasonga mbele na mada, na miezi mitatu baadaye mtihani wa mwisho wa muhula unamfunulia kwamba hakuna aliyeelewa kutoa kwa kuchukua. Hapo anachapa tena.

Shule ya wazee ilikuwa na nini kingine

Mwaka 1961 Tanganyika nzima ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi wasiofika laki tano. Darasa la nne lilikuwa na mtihani wa mchujo, na walioshindwa, ambao walikuwa wengi, waliishia hapo. Waliofika darasa la nane walikuta mchujo mwingine. Kwa hiyo anayekaa leo na kusema "sisi tulichapwa na tukasoma" ni yule aliyebaki baada ya chujio mbili. Mwenzake aliyechapwa kwa fimbo ile ile na hakujua kusoma aliondolewa akiwa na miaka kumi au kumi na miwili, akarudi shambani. Hayumo kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja.

Halafu alikuwepo mkaguzi. Wazee wengi wanamkumbuka kama mgeni mwenye suruali iliyonyooshwa aliyekaa nyuma ya darasa, lakini kazi yake ilikuwa na mpangilio. Alianza ofisini na azimio la kazi, akaangalia limegawanya mada kwa wiki au limenakiliwa kutoka mwaka jana. Akaja andalio la somo la siku hiyo. Kisha shajara, pale mwalimu anapojaza alichokwisha fundisha na tarehe. Hatua ya mwisho ndiyo iliyowatoa walimu jasho: alichukua daftari kadhaa za wanafunzi, si zile alizopewa bali alizojichagulia, akatafuta tarehe ya kwenye shajara. Shajara inasema tarehe 14 tulifundisha sehemu zenye asili tofauti, daftari zinaonyesha tarehe 14 hakuna kitu. Mwalimu hapo hana la kusema.

Namna hiyo ya kulinganisha karatasi tatu, yaani azimio, shajara na daftari, haihitaji fedha wala semina. Mkuu wa shule anaweza kuifanya mwenyewe kila Ijumaa kwa daftari tano za kila darasa. Saa moja inatosha kwa shule yenye mikondo saba.

Ofisi ya ukaguzi sasa inaitwa Uthibiti Ubora wa Shule, na maofisa wake wanatakiwa kumshauri mwalimu badala ya kumvizia. Wazo hilo ni zuri. Mkaguzi wa zamani alikuwa na tabia ya kuwaumbua walimu mbele ya wanafunzi, jambo ambalo lilivunja nidhamu zaidi ya lilivyoijenga. Ila shule zimeongezeka kuliko magari ya wathibiti, na shule ya pembezoni inaweza kukaa miaka bila kumwona yeyote zaidi ya Afisa Elimu Kata kwenye pikipiki yake. Huyu naye siku nyingi anakuja kukusanya takwimu: waliopo, wasiopo, matundu ya vyoo. Anasaini kitabu cha wageni na kuondoka kabla ya kipindi cha tatu.

Watoto kwanza, walimu baadaye

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kila mtoto wa umri wa shule awe ameandikishwa ifikapo 1977. Mwaka mmoja kabla ya azimio hilo, karo ya shule za msingi ilikuwa imefutwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 idadi ya wanafunzi ilikuwa imepita milioni tatu. Walimu wa kuwapokea hawakuwepo, kwa hiyo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakasomea ualimu huko huko vijijini huku wakifundisha, wakisaidiwa na masomo ya redio na ya posta. Hao ndio walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na neno hilo likageuka kejeli. Kejeli hiyo haikuwatendea haki. Wengi wao waliijua lugha ya watoto, walikaa kijijini, na walifundisha kusoma kwa silabi kwa uvumilivu ambao leo ni adimu. Walichokosa ni maarifa ya somo lenyewe: mtu aliyetoka darasa la saba juzi anafundisha sehemu na desimali darasa la sita, akifika pasipoeleweka hana mlango wa pili wa kuingilia. Anarudia sentensi ile ile kwa sauti kubwa zaidi, na baada ya sauti inakuja fimbo.

Historia hiyo imejirudia. MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ilianza 2002, ada zikaondoka tena, na walimu wa daraja la A wakapikwa kwa mtindo wa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja kazini. MMES, mpango kama huo wa sekondari, ilianza 2004, shule za kata zikachipua kila mahali, na vijana waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa kufundisha sekondari. Wananchi wakawaita "voda fasta". Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015, elimumsingi ikawa bila malipo, na uandikishaji wa darasa la kwanza ukavuka milioni mbili mwaka huo. Kiwango cha serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Ukikuta 45 kwenye darasa la kwanza la shule ya serikali mjini Mwanza au pembezoni mwa Dar es Salaam, yaelekea wengine wako chini ya mwembe.

Anayetaka ushahidi kwamba fimbo na ufaulu havitembei pamoja aangalie kidato cha nne cha 2012. Matokeo yalipotangazwa mapema 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Nchi ilitikisika, tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya. Watoto hao walisoma miaka kumi na moja chini ya kanuni zinazoruhusu viboko, na walivipata vya kutosha. Miaka michache kabla yake, tathmini za taasisi ya Uwezo, inayopima watoto kusoma na kuhesabu, zilikuwa zimeshaonyesha kwamba wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Pengo lilikuwa la kusoma. Walifika sekondari, lugha ya kufundishia ikawa Kiingereza, na pengo likaongezeka maradufu.

Kenya walichukua njia nyingine. Viboko viliondolewa kwenye kanuni za shule mwaka 2001, Sheria ya Watoto ya mwaka huo ikamlinda mtoto, Katiba ya 2010 ikaongeza nguvu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka adhabu kwa mwalimu anayempiga au kumdhalilisha mwanafunzi: faini isiyozidi shilingi laki moja za Kenya, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Tangu hapo kila bweni likiungua lawama huenda kwenye sheria hizo. Mwaka 2016 zaidi ya shule mia moja zilichomwa katika muhula mmoja, na mwaka 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, George Magoha, alipendekeza hadharani kiboko kirudi. Lakini maafa ya shule ya St. Kizito yalikuwa 1991, moto wa shule ya Bombolulu 1998, na viranja wa shule ya Nyeri waliunguzwa ndani ya chumba chao 1999. Wakati huo wote kiboko kilikuwa halali na kikitumika. Kosa la Kenya, kwa maoni yangu, ni kwamba sheria ilimvua mwalimu chombo kimoja bila kumpa ratiba, chumba wala mafunzo ya chombo kingine. Tanzania tulibaki na chombo chenyewe, tukaandika masharti mazuri, kisha tukaacha kuyasimamia.

Hesabu ya darasa la watoto 120

Hapa ndipo maneno ya "adhabu mbadala" hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chumba cha kawaida kimejengwa kwa watoto 45, yaani madawati 15 ya watatu watatu. Wakiingia 120, kipindi cha dakika 40 kikigawanywa sawa kinampa kila mtoto sekunde 20 za mwalimu. Daftari 120, kwa dakika moja kila moja, ni saa mbili za kusahihisha kwa somo moja. Mwalimu mwenye madarasa mawili ya hivyo ana saa nne za kusahihisha kila siku baada ya kufundisha. Hazifanyi. Anaweka tiki bila kusoma, au anaacha kutoa zoezi. Watoto wasio na zoezi wana dakika 15 tupu mwishoni mwa kipindi, na kelele zinaanzia hapo. Kelele hizo huandikwa kama tatizo la nidhamu, ilhali chanzo chake ni usahihishaji.

Njia inayofanya kazi ni kugawa darasa kwenye makundi 15 ya watoto wanane wanane. Namba ya kundi iandikwe juu ya jalada la daftari kwa kalamu nene, ili rundo lisichanganyike. Kila siku mwalimu anasahihisha kwa makini makundi matatu, yaani daftari 24, ambazo kwa dakika moja moja ni chini ya nusu saa. Makundi mengine siku hiyo yanasahihishana majibu yakiwa ubaoni. Siku tano zikipita kila mtoto amesomwa na mwalimu mara moja. Mara moja kwa wiki si nyingi, lakini ni zaidi ya mara sifuri, na watoto wanaijua siku yao.

Makundi yachanganye wenye kasi na wasio na kasi, na kiongozi abadilishwe kila wiki mbili. Wengi huharibu hapa: kiongozi wa kundi anageuzwa kiranja. Anapewa karatasi ya "wapiga kelele". Orodha hiyo ni balaa la kale katika shule zetu. Rafiki zake hawaandikwi, adui zake wanaandikwa hata wakiwa kimya, na jina linafutwa kwa ubuyu au shilingi mia. Mwalimu anarudi, anachapa kwa mujibu wa karatasi, na darasa zima linajifunza kwamba haki inanunuliwa. Kazi ya kiongozi wa kundi iwe kukusanya daftari, kugawa vitabu na kutaja nani hajafika. Basi.

Mpangilio wa madawati nao una neno. Iachwe njia katikati hata kama ni ya kupita kwa ubavu, ili mwalimu afike nyuma. Mwalimu asiyeweza kufika nyuma huwachapa walio mbele kwa kelele za walio nyuma. Kama kuna wanaokaa chini, wakae mbele karibu na ubao, si nyuma ya wenye madawati ambako hawaoni chochote. Maswali matatu ya somo la jana yawe ubaoni kabla watoto hawajaingia, maana dakika tano za mwanzo ndizo zinazoamua thelathini na tano zinazofuata. Ishara ya kunyamaza iwe moja, siku zote ile ile: mkono juu, na mwalimu asiongee mpaka pawe kimya. Ukiongea juu ya kelele mara moja, ishara imekufa na itakuchukua wiki kuifufua.

Sheria za darasa zisizidi tano. Zitungwe na watoto pamoja na mwalimu wiki ya kwanza ya muhula, ziandikwe kwa kusema kinachotakiwa ("tunanyoosha mkono kabla ya kusema") kuliko kinachokatazwa, zibandikwe ukutani. Shule zenye sheria 32 zilizochapwa nyuma ya fomu ya kujiunga hazina sheria. Hakuna anayezikumbuka, hata mwalimu wa nidhamu.

Ngazi, na pale inapovunjika

Mtoto akivunja sheria, kuna hatua za kupanda moja baada ya nyingine. Msogelee bila kusema kitu, endelea kufundisha ukiwa karibu naye. Ikishindikana, taja jina lake kwa sauti ya chini. Ikishindikana, zungumza naye dakika mbili baada ya kipindi, mkiwa wawili lakini mahali panapoonekana: umefanya nini, nani ameathirika, utarekebishaje. Andika tarehe na jambo kwenye daftari la darasa. Likijirudia mara tatu ndani ya wiki mbili, ni la mwalimu wa darasa. Kutoka hapo linakwenda kwa mwalimu wa malezi na unasihi, kisha mzazi, kisha kamati ya nidhamu ya shule. Utoro wa muda mrefu, ukatili, wizi na dawa za kulevya vinaruka ngazi za chini.

Ngazi huvunjika kwa namna zinazojulikana. Ya kwanza ni kumwita mzazi kwa kila kitu. Mzazi anayepoteza siku ya kibarua kwa sababu mwanawe alicheka darasani hatakuja mara ya pili, na siku ya jambo zito hayupo. Nyingine ni adhabu ya jumla, darasa zima kupiga magoti kwa kosa la mmoja. Waliokuwa upande wa mwalimu wanahama siku hiyo. Halafu kuna kumwaibisha mtoto mstarini mbele ya shule nzima, ambako kwa kijana wa kidato cha tatu humtengenezea mashabiki.

Adhabu za kazi zinahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu zinaonekana salama. Kufyeka nyasi saa mbili asubuhi maana yake mtoto amekosa hisabati na Kiswahili, anarudi darasani akiwa nyuma zaidi, na aliye nyuma ndiye anayesumbua. Kazi ya adhabu ifanyike baada ya vipindi, isizidi dakika 30 au 40, isiwe ya hatari (kuchimba shimo la choo, kubeba mawe), na isiwe kuteka maji ya nyumbani kwa mwalimu. Iendane na kosa: aliyechora dawati alipige msasa, aliyetupa takataka azikusanye. Kuandika "sitapiga kelele" mara mia tusiihesabu kabisa, kwani inamfundisha mtoto kwamba kuandika ni mateso, na sisi tunahangaika miaka yote kumfundisha kinyume chake. Kuruka kichura na kupiga pushapu ni viboko kwa jina jingine.

Kuchelewa kushughulikiwe peke yake. Kabla ya adhabu yoyote, mwalimu wa zamu aandike getini kwa wiki mbili: jina, saa, sababu. Kisha apange kwa kijiji au mtaa. Utakuta kundi moja linatoka ng'ambo ya mto na huchelewa mvua ikinyesha. Kundi jingine ni wasichana wanaochota maji alfajiri. Wengine wanakataliwa na makondakta kwa sababu ya nauli ya mwanafunzi, wanasimama kituoni mpaka saa moja na nusu. Wanabaki wachache ambao ni wavivu wa kuamka, na hao ndio wa kushughulikiwa kinidhamu. Hao wengine dawa yao iko kwenye kikao cha kamati ya shule na serikali ya mtaa.

Mwalimu wa malezi yupo kwenye orodha ya majukumu ya karibu kila shule, na kwenye nyingi jina hilo ni la karatasi. Ana vipindi sawa na wenzake, hana chumba, na mara nyingi ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu. Hilo la mwisho linaua kazi nzima. Hakuna binti atakayemweleza habari za mjomba wake mtu aliyemchapa Jumanne. Wawe wawili, wa kike na wa kiume, wapunguziwe vipindi angalau sita kwa wiki, wapewe chumba chenye dirisha ambamo wanaonekana bila kusikika, na kabati lenye kufuli. Wajue pia mipaka yao: jinai ni ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na afisa ustawi wa jamii, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Vikao vya mafunzo endelevu kazini, MEWAKA, ni mahali pazuri pa walimu kujadili kesi hizi pamoja, kama havijageuzwa kikao cha kusoma matangazo.

Wazazi nao wana sehemu yao, na haiko kwenye kuchangia tofali tu. Bado wapo wanaomleta mtoto shuleni achapwe kwa kosa la nyumbani: "Mchape tu mwalimu, mimi kanishinda." Mwalimu mkuu anayekubali anavunja kanuni, kwa sababu zinahusu nidhamu na jina la shule, si makosa ya nyumbani, na anabeba peke yake mzigo wa kitakachotokea. Mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mkoani Kagera alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu, na kesi ya mauaji ikafika Mahakama Kuu. Miaka miwili kabla, video ya walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi mmoja jijini Mbeya ilisambaa mitandaoni, na wahusika wakafukuzwa vyuo. Simu ya mwanafunzi imebadilisha mtazamo wa kizazi hiki kuliko nyaraka zote. Zamani mzazi alisikia habari, sasa anaiona. Mzazi anayetaka kujua shule ya mwanawe ikoje aombe kuona vitu viwili: kitabu cha adhabu, na daftari la mtoto lenye alama za kalamu nyekundu za wiki hii. Mwalimu mkuu aliyejipanga atavitoa bila kununa.

Muda nao hautusubiri. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024, waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza msingi darasa la sita mwaka 2027, sawa na wale waliowatangulia watakaomaliza darasa la saba. Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Shule ya kata inayopokea wanafunzi 160 sasa ijiandae kwa 300 na zaidi, wengine wakiwa na miaka 12. Viti na vyumba vitazungumzwa sana kwenye bajeti za halmashauri. Mkuu wa shule, kwa upande wake, anaweza kuanza sasa na yasiyo na bajeti: barua za idhini zikaguliwe ni nani anazo, kitabu cha adhabu kifunguliwe upya, makundi ya wanane yaanze kujaribiwa kwenye mkondo mmoja, na walimu wawili wa malezi wapunguziwe vipindi kwenye ratiba ya muhula ujao.